Laptopu used: uuze kama zilivyo, ukae benchi la ufundi, au ufanye refabishi? Ulinganisho kwa anayetaka kuingia

Wiki hii nimeulizwa tena swali lile lile, safari hii na dogo mmoja kamaliza chuo, wajomba zake wamemchangia milioni 6 na anataka kuingia kwenye laptopu used ila hajui aanzie wapi. Kaka, nichukue mzigo niuze hivohivo, nifungue meza ya ufundi, au nifanye refabishi kama wale wenye maduka ya vioo? Nilimjibu nusu pale pale tukiwa tumesimama juani, alafu usiku nikaona bora niandike yote maana hizi njia tatu nimezipitia zote, nilianzia kwenye baraza la mtu Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo nikiwa na bisibisi mbili na mita ya kuazima, na naona vijana wengi wanachagua kwa kuangalia duka la nani linang'aa.

Tuelewane maneno kwanza, hapa ndo watu wanapopigwa. Kuuza kama ilivyo ni hivi: mzigo umetoka Dubai, Sharjah au Uingereza, unafungua boksi, unapangusa vumbi, unawasha, ikileta picha unaweka bei. Benchi ni mteja analeta mashine yake imekufa, wewe unatafuta ugonjwa, unatibu, unalipwa ufundi na spea. Refabishi ni mashine ile ile ya kwenye kontena, lakini imepita mikononi mwa fundi ikapimwa kitu kimoja kimoja, kilichochoka kimebadilishwa, data za mwenye nayo wa zamani zimefutwa kabisa, imepewa gredi, imeandikwa kwenye daftari na inatoka na waranti ya maandishi. Kupangusa kwa spiriti na kubandika stika mpya kwenye kibodi sio refabishi, na Sheria ya Ushindani ya 2003 hapa Tanzania inakataza kabisa kumdanganya mteja kuhusu hali na ubora wa bidhaa, kwaiyo anayeandika "refurbished" kwenye mashine aliyoipangusa tu ajue anacheza na nini.

Sasa hela, maana najua ndo umekuja kuisoma.

Tuseme umechukua mashine 20 kwa laki 3 kila moja, milioni 6 zote zimeisha. Ukiuza kama zilivyo kwa 370,000, na tuseme 3 ni mbovu ukaziachia mafundi kwa laki moja moja wakatoe spea, unapata 6,290,000 za zile 17 na laki 3 za zile mbovu, jumla 6,590,000. Faida 590,000 kabla ya kodi ya fremu, umeme na usafiri, na mzigo mzuri unaweza kuisha ndani ya wiki mbili.

Ukifanya refabishi mzigo ule ule, zile 3 mbovu huuzi, unazivunja zinakuwa spea za wenzao. Zile 17 unaziwekea wastani wa elfu 60 kila moja, hapo kuna SSD (diski ya haraka isiyozunguka), RAM, kibodi, pasta ya kupooza prosesa na muda wa fundi, jumla 1,020,000. Unauza 480,000, unapata 8,160,000. Toa mtaji, toa matengenezo, inabaki 1,140,000. Alafu toa elfu 20 kwa kila mashine unaiweka pembeni kwa ajili ya waranti, hii usiiguse hata ukiwa na njaa, inabaki 800,000. Lakini mzigo huo kuumaliza ni wiki tano sita, sio mbili.

Umeona? Kwa mzunguko wa hela peke yake, kuuza kama ilivyo kunashinda. Ndani ya wiki sita mwenzako kageuza mtaji mara tatu, wewe mara moja. Sitaki kukuficha hilo maana wanaohubiri refabishi huwa wanaliruka. (Hizo ni hesabu za mfano, weka bei zako za leo ufanye mwenyewe.)

Benchi lina hesabu ya aina nyingine kabisa. Mtaji unaingia kwenye vifaa: mita nzuri, soda (chuma cha kuchomelea) ya kurekebishika joto, hotieya ya kupuliza hewa moto, pawasapulai ya benchi, hadubini hata ile ndogo ya kuanzia. Hununui mashine ya mtu kwaiyo huwezi kulala na mzigo mbovu. Ila kipato kina ukomo wa mikono yako, siku ukiumwa hakuna kinachoingia, na mwezi wa kwanza na wa pili unaweza kukaa unaangaliana na mita.

Kwanini basi mimi niliacha kuuza kama ilivyo, wakati kunazunguka haraka? Niliacha baada ya mzigo mmoja wa mashine 12, niliununua kwa mtu ambaye simtaji. Nne zilikuwa na loku. Loku ya kwanza ni ya biosi (programu ya ndani inayoamsha mashine kabla ya Windows), ukiwasha tu inadai paswedi, hiyo unaijua papo hapo. Ya pili ndo ilinifundisha kazi. Nimeweka Windows mpya, inaenda safi, dereva zote zimekaa, nikaunganisha intaneti ili nimalizie, kioo kikanikaribisha kwa jina la kampuni ya watu huko Uingereza na kikataka emaili ya kazini ya mfanyakazi wao. Mashine ilikuwa bado imesajiliwa kwao. Unafuta, unaweka upya, ukigusa intaneti inarudi pale pale. Kuna nyingine zina programu ya ufuatiliaji imekaa ndani ya biosi yenyewe, hata ukibadilisha hadidiski inajiweka tena. Na MacBook za kuanzia 2018 zenye chipu ya T2, akaunti ya mwenye nayo wa zamani isipotolewa na yeye mwenyewe, umenunua bati.

Anayeuza kama ilivyo hizi hazioni, kwasababu yeye anawasha tu, picha ikija anauza. Mteja anakuja kuziona nyumbani akiunganisha hotspoti ya simu. Alafu anarudi, na akirudi ndo mtaa mzima unasikia.

Kwaiyo vitu ninavyopima mimi kabla sijatoa hela ni hivi, na vinatumika njia yoyote utakayochagua. Betri: fungua dirisha jeusi la amri (Command Prompt) andika powercfg /batteryreport, itakupa ripoti yenye uwezo wa betri ilivyotoka kiwandani na uwezo iliobaki nao leo. Kama kiwandani ilikuwa 50,000 na leo ikijaa inafika 31,000, hiyo betri imebaki na asilimia 62, mwambie mteja hivohivo. Alafu usiiamini ripoti peke yake, ilaze mashine juu ya kioo cha meza ibonyeze kona, ikicheza kama stuli yenye mguu mfupi angalia tachipadi, kama imenyanyuka upande mmoja basi betri imevimba chini yake. Hiyo unaitoa siku hiyo hiyo, husubiri kesho, hutoboi, hubonyezi irudi. Diski unasoma afya yake kwa programu, ipo ya bure. Kibodi unabonyeza kila herufi. Kioo unakiangalia kikiwa cheupe chote alafu cheusi chote, chumba kikiwa na giza. Kamera, maiki, spika, matundu yote ya USB, unaiacha ifanye kazi nzito nusu saa usikilize feni. Saa nzima kwa mashine, wakati mwingine zaidi.

Alafu kuna jambo la kizazi cha prosesa ambalo limebadilisha soko lote. Windows 10 ilimaliza muda wake wa kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (sehemu ya usalama ndani ya mashine), na kwa Intel ni kizazi cha 8 kwenda juu ukiondoa chache sana. Makampuni ya huko Ulaya na Marekani yakatoa mashine za kizazi cha 6 na cha 7 kwa wingi, nzima kabisa, na ndo hizo unazoona zimeshuka bei mpaka watu wanadhani wameokota dhahabu. Sio mbaya. Ila anayeuza kama ilivyo hatakwambia, na fundi wa refabishi lazima akwambie: hii mama, bei yake iko chini kwasababu hii, naweza kukuwekea Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, ukapata masasisho bila shida, au uongeze laki uchukue ya kizazi cha 8.

Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja mwaka jana anatafuta ya mwanae anayeingia chuo. Nikamuamkia, akaitika, akauliza jambo moja tu, "Mwanangu, hii itamfikisha mwaka wa tatu?" Nikamfungulia daftari. Mashine namba fulani, imeingia lini, betri asilimia 71, SSD mpya, bawaba ya kulia imekazwa, kuna mkwaruzo kwenye kifuniko, gredi B, waranti miezi 6, betri waranti miezi 3. Akasoma mwenyewe mstari kwa mstari, akasema nipunguzie. Nikampunguzia elfu kumi. Akachukua, na baada ya muhula mmoja shule yake ikahitaji mashine kwa ajili ya ofisi ya taaluma, wakanipigia mimi.

Hapo ndo refabishi inaanza kuzidi. Shule, zahanati, saccos, ofisi ndogo za uhasibu, hawa hawanunui mashine moja, wanataka kumi zinazofanana, wanataka TIN (namba ya mlipakodi), risiti ya EFD (mashine ya kodi), karatasi ya waranti yenye jina la mtu wa kumdai. Muuza kama ilivyo hana hicho kitu na hawezi kukitengeneza usiku mmoja. Mzunguko wake ni wa haraka lakini kila asubuhi anaanza na mtu asiyemjua, na kesho akitokea mwenye kontena kubwa zaidi akashusha elfu 20, wateja wanahama wote, hawana sababu ya kubaki. Fundi wa benchi wateja wanarudi kwa jina lake, ila jina ni la kwake peke yake, akihama mtaa limeondoka naye.

Data. Hii nisingeiweka kama ningekuwa naandika kuuza tu, ila inanikera sana. Nimewahi kufungua mashine ya mzigo nikakuta folda la mishahara ya watu, majina, akaunti za benki, na skani za pasipoti. Watu wa mbali, hawajui kama maisha yao yako mezani kwangu Kariakoo. Anayeuza kama ilivyo anampa mteja na folda humohumo. Na wewe ukileta yako kwa fundi ukauza, ndo hivohivo. Fomati ya haraka haifuti, inaondoa orodha tu, vilivyomo mara nyingi vinarudishwa na programu ya bure. Hadidiski ya kuzunguka inaandikwa juu yake yote, SSD inapewa amri yake ya kufuta ya kiwandani, na unaandika kwenye daftari nani kafuta na lini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, Kenya wana yao ya 2019, kwaiyo hili limeshatoka kwenye ustaarabu limekuwa wajibu.

Mashine zilizokufa kabisa ndo mtihani mwingine. Kwenye kama ilivyo zinaenda kwa fundi kwa laki, mzigo umetoka kichwani. Kwenye refabishi unazivunja, na mwisho unabaki na kindoo cha betri na bodi zisizofaa hata kwa spea. Usichome nyaya upate shaba, usitupe betri za lithiamu kwenye dampo, zitakuja kuwaka. Wakusanyaji wa taka za kielektroniki wanatakiwa kuwa na kibali, kanuni zake ni za 2021, ulizia NEMC (baraza la mazingira) mwenye kibali karibu yako umpelekee. Umoja wa Mataifa walihesabu tani milioni 62 za taka hizi duniani kwa mwaka 2022, na zilizorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa vizuri ni asilimia 22.3. Alafu kuanzia tarehe 1 Januari 2025 mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kudhibiti usafirishaji wa taka hatari, umewekwa mkazo, taka zote za kielektroniki, za sumu na zisizo na sumu, haziruhusiwi kuvuka mpaka bila nchi inayopokea kukubali kwanza. Maana yake kwako ni kwamba mashine ambazo hazijapimwa, zimerundikwa kama magunia ya viazi, mtu wa bandarini ana haki ya kuuliza hizi ni bidhaa au ni takataka? Mwenye kuonesha kwamba kila moja imepimwa na kufungwa vizuri ndo ana la kujibu. Njia ya kama ilivyo hapa inazidi kuwa nyembamba mwaka hadi mwaka.

Wenzetu Kenya walianza mapema, Computers for Schools Kenya wapo tangu 2002, walikuwa wanatengeneza kompyuta zilizotumika zinaenda mashuleni, na kutokana na kazi hiyo kikatokea kituo cha kushughulikia taka zake, WEEE Centre pale Nairobi. Mimi hiyo naitazama kama ramani, kwasababu wale waligundua kwamba huwezi kupeleka mashine shuleni ukaacha swali la itakapokufa itaenda wapi.

Ulaya nako wametoka mbali. Ufaransa kuna Envie, ilianzia Strasbourg mwaka 1984, wanachukua mafriji na mashine za kufulia zilizotupwa, wanawafundisha ufundi watu waliokosa ajira, wanatengeneza wanauza na waranti. Sweden mji wa Eskilstuna una jengo zima la maduka linaitwa ReTuna tangu 2015, vinavyouzwa mle kwa sehemu kubwa vimetumika au vimetengenezwa upya. Na serikali zikawaunga mkono kwa sheria: Ufaransa tangu Januari 2021 laptopu mpya dukani inabandikwa alama inayoonesha inatengenezeka kwa urahisi kiasi gani, na Umoja wa Ulaya kuanzia Juni 2025 unataka mtengenezaji wa simu na tableti atoe spea muhimu kwa miaka 7 baada ya kuacha kuuza modeli hiyo. Sisi spea yetu kubwa ni mashine iliyokufa. Ufundi tunao, tena wa kumshangaza mtu, nimeona vijana Aggrey wanarudisha njia ya bodi iliyoliwa na maji kwa waya mwembamba kuliko unywele wakiwa wamekaa kwenye ndoo. Ila ujuzi huo hauna karatasi, hauna bei ya kueleweka, na mteja hawezi kumtofautisha na aliyejifunza jana. VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini na kumpa cheti bila kurudi darasani miaka, ulizia ofisi yao ya mkoa. Mimi nilichelewa kwenda kwasababu ya kiburi tu.

Haya, nani achague nini.

Kama una mtaji mkubwa, una mtu wako wa kuaminika kule Sharjah anayepima kabla ya kupakia, na wewe mwenyewe hupendi kukaa na bisibisi, uza kwa jumla. Lakini uza kwa mafundi na wenye karakana, sio kwa mama wa watu anayenunua ya kwanza maishani mwake. Andika kabisa "haijapimwa" na shusha bei. Hiyo ni biashara safi na sekta inaihitaji.

Kama una ujuzi na huna hela, benchi, bila kufikiria mara mbili. Na hata kama una hela ila huna ujuzi, bado naona benchi kwanza, uwe chini ya fundi mwingine miezi kadhaa, kwasababu refabishi bila kujua kutafuta ugonjwa ni kununua hasara kwa jumla.

Refabishi ni kwa mwenye vyote viwili na subira, au kwa watu watatu wanne wanaokubali kukaa chini ya jina moja: mmoja wa bodi, mmoja wa vioo na bawaba, mmoja wa programu na kufuta data, mmoja wa daftari na wateja. Peke yako utachoka kwenye daftari, na daftari ndo kitu chenyewe. Kusajili jina BRELA (wakala wa usajili wa biashara) sio ghali, kigumu ni kukubaliana nani analipa mashine ya waranti ikirudi, hilo andikeni kabla hamjanunua hata skrubu.

Dogo wa milioni 6 nilimgawia hivi: milioni moja na nusu vifaa vya benchi, laki 5 ada ya kukaa kwa fundi na chakula cha miezi hiyo, milioni 2 na laki 4 anunue mashine 8 tu za modeli moja, akiipenda iwe Latitude za Dell au ThinkPad za Lenovo za kizazi cha 8 maana spea zake zinapatikana na zinafunguka kwa skrubu za kawaida, laki 4 na elfu 80 za matengenezo, elfu 60 kwa kila mashine, laki moja na elfu 60 akiba ya waranti, na inayobaki asiiguse. Akaniuliza daftari linunuliwe la aina gani. Nikamwambia kaunta buku ya kawaida, kurasa ziwe na namba, na kila mashine ipewe ukurasa wake, ili siku ikirudi mezani uandike palepale chini ya maandishi ya mwanzo.